Kilwa Kisiwani na Songo Mnara siku kwa siku, kaskazi ikivuma

Alhamisi, njiani kwenda kusini

Basi limetoka Mbagala Rangi Tatu bado giza, siti ya dirishani nimempa mdogo wangu. Yuko kidato cha tatu, na shuleni biashara ya Bahari ya Hindi wameipitia fasta sana, amekariri pembe za ndovu, dhahabu, watumwa, nguo, shanga, basi, ukimuuliza kwa nini meli zilikuwa zinakuja Kilwa na sio sehemu nyingine anakuangalia tu. Ndo maana nimeamua twende wote Kilwa tukaone magofu yenyewe. Mkuranga wakapanda wauza korosho, Kibiti tukasimama watu wakajisaidia, Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Hili daraja lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo watu walikuwa wanavuka kwa pantoni na kipindi cha mvua safari ya kusini ilikuwa ni habari nyingine kabisa.

Kati ya Rufiji na Somanga barabara ni ndefu na hakuna cha kuona sana kwa hiyo nikamweleza habari ya upepo, manake bila upepo huwezi kuelewa Kilwa hata kidogo. Kaskazi inaanza kuvuma kama Desemba mpaka Machi, hiyo ndo ilikuwa inaleta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Halafu inageuka, kusi inaingia, ndo inawarudisha kwao. Sasa nahodha wa Aden au wa Gujarat hesabu yake ilikuwa ni kwenda na kurudi kabla upepo haujamkimbia. Akifika Mogadishu bado ana muda, akifika Mombasa bado, akifika Kilwa ndo kama mwisho wake, akizidi kushuka kwenda Sofala huko Msumbiji ya leo basi upepo unamgeukia na inabidi alale huku mpaka msimu mwingine. Na dhahabu ilikuwa inatokea huko huko Sofala! Kwa hiyo yule aliyekaa Kilwa na mitepe yake, vile vyombo vya kushonwa vya pwani, akawa anaenda mwenyewe Sofala kuchukua dhahabu, anaileta, na mgeni anaikuta Kilwa imeshafika, analipa, anapakia, anasubiri kusi. Mdogo wangu akasema "kwa hiyo Kilwa walikuwa wamekaa mlangoni." Ndo hivyo hasa.

Somanga tumekula samaki wa kukaanga, Nangurukuru basi likakata kushoto, mchana mkali tumeshuka Kilwa Masoko. Ukisimama gatini unakiona kisiwa chenyewe pale ng'ambo, karibu tu, na Gereza, ile ngome ya zamani, linaonekana jeupe kidogo kwenye kijani cha mikoko. Gesti tumepata, jioni wali wa nazi na samaki, tumelala mapema.

Ijumaa, Msikiti Mkuu

Ukitaka kwenda Kisiwani lazima kwanza ukate kibali huku Masoko, baada ya hapo unapewa mtu wa kukutembeza. Sisi tulipata mzee mmoja mwenyeji wa kisiwani, mpole, anaongea taratibu, tukamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba wanangu, poleni na safari, na hakutuharakisha mahali popote siku zote tulizokuwa naye. Tumevuka kwa mashua ya tanga. Kaskazi ilikuwa inapuliza vizuri, hata nusu saa sidhani kama ilifika.

Kisiwani hakuna magari. Kuna kijiji, watu wanaishi, kuna mbuzi, mibuyu mikubwa ajabu, watoto wanatoka madrasa, na katikati ya maisha hayo ya kawaida ndo magofu yenyewe yamesimama, yaani mtu anaanika nguo zake hatua chache kutoka kwenye ukuta wa miaka mia sita. Mimi hicho kitu kilinigusa sana.

Tukaenda moja kwa moja Msikiti Mkuu, na hapa nilikaa kuliko sehemu zote, acha niandike kwa urefu. Msikiti wenyewe ni kama miwili iliyoungana. Upande wa kaskazini ni ule wa zamani, wa karne ya 11 na 12, mdogo, paa lake lilikuwa la bapa limeshikwa na nguzo tisa za mbao, mbao zenyewe zimeshaoza zamani. Halafu mwanzoni mwa karne ya 14 mji ulipotajirika Sultani al-Hasan bin Sulaiman akauongeza upande wa kusini mara kadhaa ya ule wa kwanza, akaweka kuba na matao, nguzo zikawa za tumbawe zima, jiwe moja moja lililochongwa. Paa hilo likaja kuanguka. Karne ya 15 wakajenga upya, safari hii nguzo wakazijenga kwa vipande vya mawe na chokaa, za pembe nane, na hizo ndo unazoziona leo zimepangana mistari na matao juu yake, mwanga unaingia kwa pembeni, unatembea mle ndani huku umeinua shingo muda wote. Pembeni kuna chumba chenye kuba kubwa, inasemekana hapo ndo Sultani alikuwa anasali, na hiyo kuba ilikuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Karne ya 19!

Mzee akatuonyesha jinsi walivyojenga. Yale mawe laini yaliyochongwa kwenye mihrabu na kwenye milango ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado hai, maana likiwa bichi ni laini unalichonga unavyotaka, ukiliacha juani linakuwa gumu. Kuta zenyewe ni mawe ya kawaida ya matumbawe ya nchi kavu. Chokaa wanachoma matumbawe kwenye tanuri la kuni. Boriti za mikoko ndo za dari, na ndo maana vyumba vingi vya nyumba za zamani za pwani ni vyembamba, upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti. Sasa niambie utaalamu huo wa kujua tumbawe gani likatwe lini na lichongwe kabla ya muda gani ulitoka Shiraz huko Uajemi? Huo ni utaalamu wa watu waliozaliwa na bahari hii, wanaijua miamba yake. Mimi nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimekua nikisikia kwamba magofu yote haya "waliacha Waarabu", kama vile wenyeji walikuwa wamekaa pembeni wanatazama.

Swala ya Ijumaa mdogo wangu na mzee wameenda kusali msikiti wa kijijini, mimi nikabaki kivulini, na kilichonijia kichwani ni kisa cha Ibn Battuta, manake nacho ni cha siku ya Ijumaa, hapa hapa. Huyu alikuwa Mmoroko wa Tangier, alitoka kwao 1325 akiwa kijana wa miaka 21, na 1331 akafika Kilwa kupitia Mogadishu na Mombasa. Mombasa anasema walikuwa wanakula ndizi na samaki na misikiti yao ni ya mbao. Kilwa akaisifia kwamba ni katika miji mizuri kabisa na iliyojengwa vizuri. Sultani aliyemkuta ni huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman, watu walikuwa wanamwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Basi Ijumaa moja Sultani ametoka kusali anarudi kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha, akamwambia nataka hizo nguo ulizovaa. Sultani akasema nitakupa. Fakiri akasema sasa hivi. Akajibiwa naam, sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri aje achukue zile. Jamaa akazifunga akaziweka kichwani huyoo. Watu wakamshukuru sana Sultani kwa unyenyekevu wake, na mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, Sultani aliposikia vile watu wanamshukuru naye akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa kinasimuliwa kwa uzuri wa ukarimu, lakini mimi siwezi kupita hapo haraka. Watumwa ishirini wametolewa zawadi kwa mchana mmoja. Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kwamba Sultani alikuwa anakwenda kuvamia bara, anapata ngawira, anatenga sehemu moja ya tano kwa ajili ya masharifu waliokuwa wanakuja kumtembelea mpaka kutoka Iraq na Hijazi. Utajiri wa hapa ulikuwa na upande huo, na walioulipia majina yao hayakuandikwa na mtu. Mdogo wangu aliporudi nimemsomea kisa chote pamoja na hilo.

Jumamosi, Husuni Kubwa na mazungumzo ya mzee

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine, unatembea kwa njia ya mashambani na minazi mpaka unafika kwenye genge juu ya bahari. Hili ndo jumba alilojijengea Sultani al-Hasan huyo huyo, na ni kubwa hasa, vyumba zaidi ya mia moja, kwa muda mrefu lilikuwa ndo jengo kubwa kabisa la mawe kusini mwa Sahara kwa lile tunalolijua la zama zile. Kuna ua mpana upande wa kusini umezungukwa na vyumba, wataalamu wanadhani vilikuwa maghala ya bidhaa, kuna ua wa kupokea wageni wenye ngazi za kukalia, kuna vijidirisha vya taa ukutani, kuna ngazi inashuka chini baharini. Na kuna birika la pembe nane. Birika la kuogelea, juu ya genge, wakati kisiwa chote maji ni ya visima! Nilisimama pale nikawaza mitungi mingapi ilipandishwa na vichwa vya nani.

Neville Chittick, mwanaakiolojia wa Kiingereza aliyechimba Kilwa miaka ya 1950 mwishoni na 1960, alikuta hapa jiwe lenye maandishi ya Kiarabu yenye jina la Sultani na cheo cha kifahari, al-Malik al-Mansur. Mtindo wa vyeo vya masultani wakubwa wa Misri na Yemen wa wakati ule. Kitabu cha historia ya Kilwa kilichoandikwa karne ya 16 kinasimulia kwamba al-Hasan akiwa kijana alikwenda kusoma Aden halafu akahiji Makka, kwa hiyo alishaona miji ya wenzake inavyofanana na akarudi anataka ya kwake. Jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu, sehemu nyingine hazikumalizika kabisa.

Pembeni yake iko Husuni Ndogo, kuta nene za mstatili na minara kwenye kona. Tumezunguka, tukapiga picha, tukaendelea.

Njiani kurudi mzee akaokota kigae chini, akakipangusa, cha kijani kibichi kinang'aa. Kaure ya Uchina. Akamwonyesha mdogo wangu akakirudisha pale pale alipokiokota, akasema "hapa hapaokotwi kitu mwanangu, ukichukua wewe na mwingine akichukua, watoto wangu wataonyeshwa nini?" Nimeipenda sana ile.

Tulipopumzika nyumbani kwake, kwa chai ya tangawizi na mihogo, ndo mazungumzo ya Washirazi yakaanza. Mzee akatusimulia vile walivyosimuliwa na wazee wao, kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz kwa majahazi, yeye na baba yake na ndugu zake, merikebu saba kila moja ikashuka mahali pake, na yeye Kilwa akakinunua kisiwa kwa mfalme wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mfalme akapokea nguo akahamia bara, baadaye akajuta akataka kurudi maji yakipwa, akakuta mkondo umeshachimbwa hapitiki.

Mdogo wangu akauliza kwa heshima, "sasa babu, kabla ya hao Washirazi hapa palikuwa hapana watu?" Mzee akacheka, akasema "kama hapakuwa na watu, kisiwa alikinunua kwa nani?"

Na wachimbaji wamekuta hivyo hivyo. Chini kabisa ya mji kuna kijiji cha tangu karne ya 9, nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, watu wanavua, wanafua chuma, na tayari wana vigae vya kutoka Ghuba, ina maana biashara walishaianza wenyewe kabla jengo hata moja la mawe halijasimama. Halafu 2023 ukatoka utafiti wa DNA ya watu waliozikwa zamani kwenye miji kadhaa ya mwambao ikiwemo Kilwa na Songo Mnara, ukaonyesha kwamba kwa wengi wao asili ya upande wa mama ni Waafrika, na upande wa baba kuna damu nyingi ya Uajemi, mchanganyiko ukianza kama mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo hadithi ya wazee haikuwa uongo, wanaume walikuja kweli. Lakini walioa wenyeji, wakakaa kwa wakwe, wakalea watoto wanaoongea lugha ya mama zao, na lugha hiyo ndo hii ninayoandikia sasa hivi. Ukimtoa mama kwenye hadithi hiyo umebakiza nini? Mimi naona shuleni tumemtoa kwa muda mrefu mno.

Jioni kabla ya kuvuka tukaongea habari ya sarafu. Kilwa walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo tu, upande mmoja jina la Sultani upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zimeandikwa kwa vina, ukisoma huku na huku zinakubaliana kama beti. Sarafu yenye mashairi, wapi uliona! Moja ya al-Hasan bin Sulaiman imekutwa Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara, kule kwenye himaya iliyokuwa inasimamia dhahabu inayoshuka Sofala. Na nyingine tano za Kilwa ziliokotwa 1944 na askari mmoja kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zimefikaje huko watu wanabishana mpaka leo. Mdogo wangu hilo la Australia lilimnyima usingizi, usiku mzima ananiuliza maswali.

Jumapili, Songo Mnara

Leo tumeenda kwa boti ya injini kutoka Masoko, ni mbali zaidi, kusini, unapita visiwa vya mikoko njia nzima. Mkifika maji yamekupwa mjiandae kutembea kwenye matope na maji ya magoti, viatu mkononi.

Njiani nahodha, kijana tu, alikuwa anaelekeza boti kwa kuangalia rangi ya maji na vichwa vya mikoko, hana kifaa chochote. Nikamwambia mdogo wangu wa zamani walifanya hivi mchana na usiku wakapima nyota kwa vidole, unanyoosha mkono unahesabu nyota iko vidole vingapi juu ya upeo wa bahari, kila bandari ina kipimo chake, ukishafika kipimo cha bandari yako unageuza kichwa cha chombo. Ahmad ibn Majid wa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, karne ya 15 aliyaandika mambo haya kwa mashairi ili mabaharia wayakariri, na moja ya mashairi yake ni la njia ya Sofala. Vyombo vyenyewe vya huku, mitepe, vilikuwa havina msumari, mbao zinashonwa kwa kamba za usumba wa nazi, tanga la ukili. Chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba kinanepa, hakipasuki kirahisi, na kikiharibika unakishona tena ufukweni kwa vitu vinavyoota pale pale.

Songo Mnara ni tofauti kabisa na Kisiwani. Kisiwani pamejengwa na kujengwa tena kwa mamia ya miaka, tabaka juu ya tabaka. Huku mji umejengwa kwa mara moja, mwishoni mwa karne ya 14, ukakaliwa muda usiofika miaka 200, ukaachwa. Kwa hiyo unauona mji kama ulivyopangwa. Nyumba za mawe zaidi ya arobaini zimekaa pamoja, ukuta unazunguka, misikiti, na katikati wameacha uwanja mkubwa wa wazi wenye makaburi. Nyumba nyingi zinaelekeana na uwanja huo. Unaingia nyumbani kwa ngazi, kuna ua uliozama na mabaraza ya mawe pande zake, mgeni anaishia hapo, biashara inafanyika hapo, halafu vyumba vya ndani, kimoja nyuma ya kingine, na cha mwisho kabisa chenye giza ndo cha siri. Mtu yeyote aliyekulia nyumba ya Kiswahili Lamu, Unguja au hata Bagamoyo ataujua mpangilio huu bila kuelezwa.

Wanaakiolojia waliokuja kuchimba kuanzia 2009 hawakuchimba majumba tu, walichimba na ile sehemu iliyoonekana tupu, wakakuta kumbe nako kulikuwa na nyumba za udongo za watu wa kawaida, na kwenye makaburi watu walikuwa wanaacha vijiwe vyeupe na sarafu. Yaani pesa zao ndogo za shaba walikuwa wanawapelekea marehemu wao. Ndani ya nyumba wamekuta vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi wa pamba. Hilo la pamba nalipenda sababu tunaambiwa siku zote nguo zilitoka India, ni kweli za kifahari zilitoka Gujarat, lakini wanawake wa Kilwa na Songo Mnara walikuwa wanasokota zao, na Wareno walipofika mwanzoni mwa karne ya 16 waliikuta pamba inaota kisiwani.

Tumekaa kwenye nyumba moja yenye paa la mviringo ambalo lilikuwa limepambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyopachikwa kwenye chokaa, mabakuli hayapo, mashimo yake ya duara yapo. Watu walipenda vitu vizuri. Walikuwa na dunia nzima ukutani kwao, bakuli la Uchina, la Uajemi, huku nje mikoko na kunguru. Na karne ile ile mji huu umejengwa, Cairo walimwona Mansa Musa wa Mali alivyopita 1324 akienda kuhiji, akagawa dhahabu mpaka thamani yake ikashuka sokoni. Mali upande wa magharibi, Zimbabwe na Kilwa upande huu, bara moja linailisha dunia ya wakati ule dhahabu kutoka pande mbili, na mdogo wangu akauliza mbona kitabu chao kinaanza kuwaelezea Wareno kwa kirefu zaidi kuliko hawa wote. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kwamba ana haki ya kuuliza.

Jua lilituchoma vibaya. Maji yalipojaa tukapanda boti.

Jumatatu, Gereza

Asubuhi tumevuka tena Kisiwani kwa ajili ya Makutani na Gereza. Makutani ni jumba la masultani wa baadaye, limepanuliwa karne ya 18 Kilwa ilipoinuka tena kidogo, safari hiyo kwa biashara ya watumwa na Wafaransa wa visiwa vya Mauritius na Reunion. Tumepita haraka.

Gereza lililopo sasa ni la wakati wa Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19, lakini chini yake ndo ilipokuwa ngome ya Wareno. Hapa nilimkalisha mdogo wangu tukaipitia hadithi mwaka kwa mwaka. 1500 amekuja Cabral, anataka mkataba wa biashara, hakuupata. 1502 amekuja Vasco da Gama kwa mara ya pili Bahari ya Hindi, na mizinga, akamwambia Amiri Ibrahim lipa kodi kwa mfalme wa Ureno ama nauchoma mji. Akalipwa dhahabu. 1505 mwezi wa saba amekuja Francisco de Almeida na kundi la meli, wakashuka wakauteka mji, wakaupora, wakaanza kujenga ngome. Mmoja aliyekuwa na meli hizo aliandika kwamba Kilwa ina nyumba imara za mawe na chokaa za ghorofa kadhaa, zimepigwa lipu yenye nakshi. Waliona walichokuwa wanakiharibu.

Lakini ngome peke yake isingeiua Kilwa, na Wareno wenyewe waliiacha 1512. Kilichoiua ni kwamba mwaka ule ule 1505 walijenga ngome nyingine Sofala. Ule mlango niliouelezea kwenye basi, wakauzibia kwa ndani. Dhahabu ya Sofala haikuwa tena inapanda kuja Kilwa, na wafanyabiashara wa bara wakatafuta njia nyingine. Ukiongeza kwamba nyumba ya Sultani tayari ilikuwa imegombana kwa miaka mingi, maamiri na mawaziri wanawekana na kutoana, huyo Ibrahim mwenyewe hakuwa mrithi halali na mtangulizi wake aliuawa, basi Wareno walikuta ukuta una nyufa. 1587 wakaja Wazimba kutoka bara wakaumaliza tena.

Na ile dhahabu ya 1502? Mfalme Manuel aliagiza itengenezewe chombo cha ibada, kikakamilika 1506, cha dhahabu na mapambo ya rangi, kizuri mno kwa kweli, kipo mpaka leo Lisbon kwenye jumba la makumbusho la sanaa. Kinaitwa cha Belém. Watu wanapiga foleni kukiona na kinasifiwa kama moja ya kazi kubwa za Ureno, na ni sawa, fundi alijua kazi yake, ila dhahabu ni ya Kilwa na ilitolewa chini ya mizinga. Mzee hilo alikuwa halijui. Alinyamaza, halafu akauliza, "wameandika pale kwamba ni ya kwetu?" Jina la Kilwa huwa linatajwa kwenye maelezo yake, nikamwambia. Akasema "basi angalau."

Jumanne, kurudi

Tumepitia Kilwa Kivinje kwa bodaboda kabla ya kupanda basi, mji wa karne ya 19, nyumba za Wajerumani zinabomoka, mnara wa waliouawa kwenye Maji Maji upo, hiyo ni historia nyingine na inastahili safari yake.

Kwa anayetaka kwenda: Kisiwani msiende kwa masaa mawili kama wengi wanavyofanya, chukueni siku nzima, Msikiti Mkuu asubuhi wakati mwanga unaingia kwa pembeni, Husuni Kubwa jioni jua likipoa. Songo Mnara ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi. Bebeni maji ya kunywa, kofia, na pesa taslimu. Chukueni mwenyeji wa kisiwani awatembeze na mlipeni vizuri. Na kama mna mtoto anayesoma historia mchukueni, wa kwangu ameshaanza kuniuliza nauli ya kwenda Beira, eti kutoka hapo Sofala sio mbali.